Mtoto Bado Anarefuka: Tiba ya Unene wa Utotoni Mjini Durban

Unene wa mtoto haupimwi kwa jicho, na mizani peke yake haitoshi. Mtoto wa miaka 7 mwenye kilo 30 kwa kawaida huhesabiwa mnene. Kaka yake wa miaka 10 mwenye kilo hizohizo yuko sawa. Ndiyo maana kliniki huchukua uzito kwa kilo, ikaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo, kisha ikalinganisha jibu, yaani uwiano wa uzito na urefu, na chati za Shirika la Afya Duniani zinazozingatia umri na jinsia. Zile namba 25 na 30 walizozoea watu wazima hazimhusu mtoto. Akiwa na miaka 5 hadi 19, mtoto aliyevuka mstari wa kwanza wa chati juu ya wastani huhesabiwa kuwa uzito umemzidi. Aliyevuka mstari wa pili ana unene wa kutibiwa, ambao wataalamu wa lishe huuita kiribatumbo.

Nyumbani kipo kipimo kisichohitaji chati. Mtoto husimama wima ukutani bila viatu, uzi ukanyooshwa kutoka kisiginoni hadi utosini na kukatwa hapo. Uzi huo hukunjwa katikati, halafu huzungushwa kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana bila kuvutwa, kiuno hakijazidi nusu ya urefu. Zikishindwa kukutana, tumboni kuna mafuta ya kushughulikiwa. Kipimo hiki kinafaa kwa watoto waliokwisha kufikia umri wa kwenda shule, na ubora wake ni kwamba kinalitazama tumbo, ambako hatari ya kisukari hujikusanya zaidi kuliko mapajani au mikononi.

Nchini Afrika Kusini tatizo hili huanza mapema. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2016 ulikuta asilimia 13 ya watoto wa chini ya miaka 5 wana uzito uliozidi, zaidi ya mara mbili ya wastani wa dunia. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 27 ya watoto wa umri huo wamedumaa. Takwimu hizi mbili zinaonekana kama za nchi mbili tofauti, lakini mara nyingine zote zinamhusu mtoto mmoja: mfupi kuliko umri wake kwa kukosa protini na madini, mnene kuliko urefu wake kwa wingi wa wanga na sukari. Miongoni mwa wanawake watu wazima, asilimia 68 walikuwa na uzito uliozidi au unene, kwa hiyo mtoto mnene mara nyingi hukulia katika nyumba ambayo umbo lake halimshangazi mtu.

Mfano mmoja ni Greyville, mtaa wa Durban ulio chini ya kilima cha Berea, umbali mfupi kutoka katikati ya jiji. Jina lake linajulikana kwa uwanja wa mbio za farasi, ambako shindano la Durban July limekuwa likifanyika tangu 1897. Siku ya mbio, kila mpanda farasi hupanda mizani kabla ya kutoka na baada ya kurudi, na tofauti ndogo tu huzua mjadala. Watoto wa mitaa inayouzunguka uwanja huo hupimwa kwa bidii ya namna hiyo hadi wanapofikisha miaka 5, wakati kijitabu cha kliniki cha Road to Health bado kinajazwa pamoja na chanjo. Baada ya hapo wengi hawapandi tena mizani mpaka waugue. Miaka hiyo isiyo na mizani, kuanzia darasa la kwanza hadi balehe, ndiyo ambayo tiba ingefanya kazi kwa urahisi zaidi.

Njia kutoka unene hadi kisukari hupitia kwenye ini na misuli. Kongosho hutoa homoni ya insulini, inayoziambia seli za misuli zichukue sukari kutoka kwenye damu na kuliambia ini liache kutengeneza nyingine. Mafuta yakijaa ndani ya ini na misuli, agizo hilo halisikiki vizuri. Hali inafanana na abiria anayetaka kushuka kwenye teksi ya Durban, zile daladala za huko zinazosifika kwa muziki wa kutikisa vioo: sauti ya kawaida haimfikii dereva, inabidi apaaze. Kongosho nalo hupaaza, likatoa insulini mara mbili au tatu ya kawaida, na kwa miaka kadhaa vipimo vya sukari vikabaki vizuri. Seli zinazoitengeneza zikianza kuchoka, sukari hupanda, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Balehe huongeza mzigo, kwa sababu katika umri huo mwili wa kila kijana, hata mwembamba, huitikia insulini kwa udhaifu zaidi kwa muda. Kijana mwenye kongosho lililokwisha kuelemewa hufikia ukomo wake hapo.

Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana shingoni. Ngozi ya kisogoni hugeuka nyeusi, nene kidogo, yenye mikunjo laini kama kitambaa cha mahameli, na pengine weusi huo hujitokeza makwapani pia. Mama hudhani ni uchafu. Humsugua mtoto kwa dodoki na sabuni, kisha kwa ndimu, hadi ngozi inachubuka, na weusi unabaki palepale. Unatokana na insulini nyingi inayochochea seli za ngozi zizaliane, na hufifia insulini ikishuka. Mwalimu au bibi anayeijua alama hiyo anaweza kumpeleka mtoto kupimwa miaka kadhaa kabla ya sukari kupanda.

Hapa kisukari cha aina ya kwanza kitofautishwe. Hicho hutokea pale kinga ya mwili inapoziharibu seli za kongosho, huwapata watoto wembamba na wanene vilevile, na hakisababishwi na pipi wala soda. Mtoto anayekunywa maji bila kutosheka, anayekojoa kila mara hadi kurudia kukojoa kitandani, na anayekonda ghafla anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo. Kumwambia mzazi wake kwamba alimlea vibaya ni kosa, tena ni ukatili.

Durban ina historia ndefu na ugonjwa huu, na historia hiyo imechanganyika na sukari yenyewe. Tarehe 16 Novemba 1860 meli ya Truro ilitia nanga hapo ikiwa na vibarua wa kwanza wa mkataba kutoka India, walioletwa kufanya kazi hasa katika mashamba ya miwa ya Natal. Hadi 1911 walikuwa wamefika watu wapatao 152,000. Karne moja baada ya meli hiyo, daktari George Campbell, aliyewatibu wagonjwa wa kisukari katika hospitali ya King Edward VIII, aliona kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea sana kati ya Wahindi wa jiji, na kwamba Wazulu waliohamia mjini walianza kuupata takribani miaka 20 baada ya kubadili chakula. Wakata miwa, waliotafuna miwa mizima shambani huku wakifanya kazi ya sulubu, hawakuupata kwa wingi huo. Mwaka 1966, pamoja na Mwingereza T. L. Cleave, alichapisha kitabu kilichoilaumu sukari iliyosafishwa kwa kisukari na maradhi ya moyo.

Wataalamu wa baadaye hawakukubaliana naye katika kila jambo. Sukari ni sehemu tu ya hesabu. Jumla ya chakula, kazi ya mwili na urithi vinaingia pia. Urithi una uzito wa pekee kwa watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao hukusanya mafuta ndani ya tumbo wakiwa na uzito ambao kwa wengine ungeonekana wa kawaida. Mtoto wa Kihindi wa Durban anaweza kuwa na mikono na miguu myembamba huku uzi wa kiunoni ukigoma kukutana. Hata hivyo, wazo la Campbell kwamba mji humfikia mtu kwa kuchelewa, na humfikia kupitia sahani, halijapitwa na wakati.

Mji wenyewe nao ulipangwa kwa nguvu. Greyville ya katikati ya karne iliyopita ilikuwa na familia nyingi za Kihindi, hasa katika eneo lililoitwa Block AK, mpaka sheria ya ubaguzi ya 1950 iliyogawa makazi kwa rangi ilipowaondoa. Wengi wa Wahindi wa Durban walioondolewa hivyo walipelekwa Chatsworth, kusini mwa jiji. Huko walihamishiwa pia Wazanzibari wa Durban, wajukuu wa watumwa walioachwa huru na kufikishwa bandarini hapo kuanzia 1873. Kazi zilibaki mjini. Mzazi anayetoka alfajiri kuwahi basi na kurudi giza limeingia hampikii mtoto chakula cha mchana. Humwachia hela ya mkate.

Na Durban inajua kuutendea mkate. Bunny chow, chakula kilichotokana na migahawa ya Wahindi ya eneo la Grey Street, hatua chache kutoka Greyville, ni mkate mweupe uliochimbwa katikati na kujazwa mchuzi. Mtu huagiza robo au nusu, yaani robo au nusu ya mkate mzima. Mkate wa kawaida wa Afrika Kusini una gramu 700, kwa hiyo robo ni gramu 175, sawa na vipande vitano au sita, kabla ya mchuzi na viazi vyake. Mchuzi wa maharage hauna lawama. Ni chakula chema cha nyuzinyuzi na protini. Kinachomwelemea mtoto wa miaka 9 ni kuta za sahani anayoila, na zaidi ya hapo ni chupa iliyo kando yake. Kinywaji cha kola chenye gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100 kinabeba gramu 53 katika nusu lita, kama vijiko 13 vya chai. Kikipita koo hakiachi shibe: mtoto aliyekinywa hula karibu kiasi kilekile ambacho angekula bila kukinywa. Ongeza amagwinya, maandazi makubwa ya Kizulu yanayouzwa langoni mwa shule yakiwa bado moto, na pakiti ya krispi, na nishati ya siku nzima inaweza kukamilika kabla ya kengele ya kurudi nyumbani.

Tiba haianzi kwa kumpunguza mtoto. Hapa ndipo mtoto anapotofautiana na mtu mzima, na ndipo wazazi wengi wanapokosea kwa kumnyima chakula. Mtoto bado anarefuka. Yule wa miaka 7 mwenye kilo 30, akiwa na sentimita 120, ana uwiano wa 20.8, ambao uko juu ya mstari wa pili wa chati. Kwa kawaida ataongezeka sentimita 6 hivi kwa mwaka. Akifika miaka 9 na sentimita 132 huku kilo zikiwa zilezile 30, uwiano utakuwa 17.2, ndani kabisa ya kawaida ya umri wake, na hakuna gramu hata moja iliyopunguzwa. Kazi ya familia ni kuzuia uzito usikimbie wakati urefu unaufuata. Kwa wale wenye unene mkubwa sana, au waliokwisha kupita balehe, kupunguza kilo huhitajika, lakini chini ya uangalizi.

Kuna ushahidi mzuri kwamba kuwahi kunalipa. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia wanaume zaidi ya 62,000 waliopimwa shuleni na baadaye jeshini, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba wavulana walionenepa wakiwa na miaka 7, lakini wakarudi kwenye uzito wa kawaida kabla ya miaka 13 na kubaki hivyo, walikuwa na hatari ya kisukari ukubwani inayokaribiana na ya wale ambao hawakuwahi kunenepa. Walioubeba unene wao hadi ujanani hatari yao ilikuwa kubwa zaidi sana. Ule usemi kwamba mtoto akikua unene utamtoka wenyewe, basi asisumbuliwe, unatimia kwa baadhi tu, na wengi wao ni wale ambao nyumba zao zilibadilika.

Anayetibiwa kwa kweli ni nyumba. Soda ikiacha kununuliwa, inaacha kwa wote, baba akiwemo. Mtoto mmoja akipewa maji huku wenzake wakinywa kola, atajifunza kuiba au kujichukia. Kuondoa vinywaji vya sukari, pamoja na juisi za pakiti, ndiyo hatua moja yenye faida kubwa kuliko nyingine zote, na bei yake ni sifuri. Baada ya hapo huja ukubwa wa sahani, kifungua kinywa kisichorukwa, na vyakula ambavyo Durban haijavisahau: maharage, maziwa ya mgando ya amasi, mboga za majani ziitwazo imifino, na amadumbe, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki angeyatambua sokoni bila mkalimani, kwa kuwa ni magimbi. Televisheni huzimwa wakati wa kula. Usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa shule ya msingi ni sehemu ya tiba, kwa sababu mtoto aliyekesha na simu huamka na njaa isiyo ya kawaida.

Michezo ina ugumu wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za kutokwa jasho kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Greyville ina nafasi kubwa ya kijani, lakini sehemu yake kubwa ni njia ya farasi na uwanja wa gofu uliomo ndani yake. Barabara zina magari mengi, na mzazi anayeogopa wahalifu humfungia mtoto ndani ya fleti. Bustani ya mimea ya Durban iliyo jirani haitozi kiingilio, na njia ya miguu ya ufukweni haiko mbali, ingawa vyote vinahitaji mtu mzima wa kuandamana na mtoto. Kuruka kamba uani au mchezo wa rede hauhitaji lolote kati ya hayo, na saa ya kurukaruka iliyogawanywa mara nne kwa siku ina thamani ileile.

Lugha ya nyumbani nayo ina dawa na sumu. Katika miaka ambayo UKIMWI uliiandama KwaZulu-Natal, jimbo lenye Durban, kukonda kulimaanisha jambo moja machoni pa majirani, na bibi aliyezika watoto wake ana sababu ya kufurahia mjukuu aliyejaa. Mhudumu anayemwambia kwamba furaha hiyo ni ujinga atampoteza. Wanaofaulu huzungumzia shingo, usingizi, pumzi ya kupanda ngazi. Neno “mnene” hawalitumii mbele ya mtoto. Ushauri wa dakika tano kliniki haubadilishi kitu. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2023 unataja angalau saa 26 za kukutana na familia katika miezi 3 hadi 12, na ni wazi kwamba kliniki ya serikali yenye foleni hadi getini haiwezi kumpa kila mtoto saa hizo ana kwa ana. Vikundi vya familia, vinavyoongozwa na muuguzi au mtaalamu wa lishe kanisani, msikitini au shuleni, ndiyo njia inayowezekana.

Dawa zipo kwa wachache. Semaglutidi, sindano ya kila wiki inayopunguza hamu ya kula, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa wenye unene kuanzia miaka 12. Katika majaribio ya wiki 68 uwiano wa uzito ulishuka kwa asilimia 16 kwa wastani. Bei yake iko mbali na mifuko mingi, na ikiachwa uzito hurudi. Upasuaji wa tumbo hufikiriwa kwa vijana wenye unene wa hali ya juu kabisa.

Kupima sukari hakuhitajiki kwa kila mtoto. Mwenye uzito uliozidi hupimwa anapofika miaka 10 au balehe ikianza, endapo ana jambo jingine: mzazi mwenye kisukari, mama aliyekuwa na kisukari cha mimba, asili ya Bara Hindi au Afrika, shingo nyeusi, au presha. Kipimo hurudiwa angalau kila miaka 3. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita, na ikathibitishwa, ni kisukari, na mtoto huanzishiwa metformini, pamoja na insulini ikihitajika. Ugonjwa huu ukianza mapema hivyo haucheki. Marekani ilifuatilia vijana 699 waliokuwa na kisukari cha aina ya pili: metformini pekee ilishindwa kwa karibu nusu yao, na baada ya wastani wa miaka 13 asilimia 60 walikuwa na angalau tatizo moja la figo, macho au mishipa ya fahamu, wengi wao wakiwa katika miaka ya ishirini na kitu.

Serikali ya Afrika Kusini iliingia kwa upande wa chupa. Tangu Aprili 2018 inatoza kodi kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100 za kinywaji, kwanza senti 2.1 za randi, baadaye 2.21. Ile nusu lita ya kola hulipiwa senti 73 hivi. Watengenezaji wengi walipunguza sukari ili kuikwepa kodi, na ndilo lililokusudiwa: sukari iliyonunuliwa katika vinywaji hivyo ilishuka kutoka gramu 16 hadi chini kidogo ya 11 kwa mtu kwa siku. Wakulima wa miwa, ambao KwaZulu-Natal ndiyo kwao, walilalamika, na mwaka 2023 Hazina ilitangaza kwamba kiwango hakitapanda kwa miaka miwili. Kenya na Tanzania hutoza soda kwa lita, hivyo chupa yenye vijiko 13 vya sukari na chupa isiyo na hata kimoja hulipa sawasawa.